Mwenye Nyumba wa Chumba cha Nyuma

Simu ilikuwa inalia. Ilikuwa inalia mfukoni mwa Breki, mbele ya wapangaji wote, na mlio wake ulikuwa honi ya lori.

Wiki nzima hamkunipa raha. Muuza magazeti kaniuliza, jirani kaniuliza, hata mhariri wangu, ambaye analipwa asome kabla yenu, kaniuliza, "Aliipokea au hakuipokea?" Haya, tulieni, tunaendelea.

Na wewe ambaye gazeti hili umelipata limefungiwa sabuni dukani, usiwe na wasiwasi, hutapotea. Breki ni dereva mstaafu wa malori, mjane. Kiinua mgongo chake chote kakinunulia nyumba ya vyumba sita yenye ua katikati. Kisha, kwa ushauri wa shemeji yake ambaye ni dalali, akahamia chumba cha nyuma na kujifanya mpangaji kama wenzake. Mwenye nyumba, aliwaambia, ni mtu mkali anaitwa Bosi, anakaa mbali, na hataki kusumbuliwa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka paa lilipoanza kuvuja. Wapangaji wakaitisha kikao uani. Fundi cherehani wa chumba cha mbele, mwanamke ambaye Breki akimwona husahau alichokuwa anasema, akaipata namba ya Bosi na kuipiga palepale, spika wazi, ili wote wasikie.

Wamesikia.

"Mzee Breki," alisema Nesi wa chumba cha pili, "mbona Bosi analia mfukoni mwako?"

Mguu wa kulia wa Breki ukakanyaga chini kwa nguvu zote. Hivyo ndivyo alivyopata jina hilo. Miaka yote ya barabarani imemwachia ugonjwa mmoja: akishtuka, anafunga breki hata akiwa amekaa kwenye kigoda.

"Hii?" Akaitoa ile simu ndogo ya tochi, akaitazama kama ndiyo anaiona kwa mara ya kwanza. "Aaa, hii! Hii ni ya Bosi. Kaniachia."

"Kakuachia lini?"

"Jana. Alipita mkiwa kazini."

"Mimi jana sikwenda kazini," alisema fundi redio wa chumba cha tatu. "Nilikuwa hapa hapa barazani, nimefungua redio ya watu. Sikuona mtu."

"Ulikuwa umeinama."

Fundi redio akafikiri. Ni kweli, kazi yake yote ni ya kuinama.

Fundi cherehani alikata simu, akakunja mikono, akamtazama Breki kwa macho yale ya mtu anayekadiria kitambaa kama kinatosha suruali au ni kaptula tu.

"Kwa hiyo Bosi anakuamini," alisema fundi huyo hatimaye.

"Kiasi."

"Basi jamani, tumempata mwenyekiti. Mzee Breki ndiye atakayetusemea kwa mwenye nyumba. Anayeafiki anyooshe mkono."

Mikono yote ikapanda. Breki naye, kwa kuchanganyikiwa, akanyoosha wake.

Sasa niambieni, ninyi mnaoota kuwa wenye nyumba, mmewahi kuona jambo kama hili? Mtu mmoja ndiye mwenye nyumba, ndiye mpangaji, na sasa ni mwenyekiti wa wapangaji dhidi ya mwenye nyumba. Alibakiza tu kujiandikia notisi ya kuhama.

"Sasa mwenyekiti," alisema Fundi cherehani, "mpigie."

"Nimpigie kwa namba gani, na simu yake ninayo mimi?"

"Atakuwa na nyingine. Tajiri mwenye simu moja nani kamwona?"

Hapo Breki alikosa pa kutokea. Akachukua simu yake ya kila siku, akasogea kando ya tangi la maji, akampigia mtu pekee aliyeweza kumpigia: shemeji yake dalali. Wapangaji nao wakasogea na vigoda vyao. Hakuna aliyetaka kupitwa.

"Haloo, Bosi!" Breki alipaza sauti.

"Bosi nani? Shemeji, ni wewe?"

"Ndiyo Bosi! Mimi mpangaji wa chumba cha nyuma! Nimechaguliwa mwenyekiti!"

"Shemeji, umekunywa nini saa hizi?"

"Wapangaji wako wanalalamika, Bosi! Paa linavuja! Fundi cherehani anaweka beseni juu ya kitanda! Hivi wewe huna huruma? Wewe ni mtu wa namna gani?"

Kusema kweli, hapo Breki aliingiwa na hasira za kweli. Alianza kuigiza, lakini kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kumchukia huyo mwenye nyumba. Akalipiga tangi la maji kwa kiganja. Nesi akampigia makofi.

Upande wa pili, shemeji akaanza kuelewa. "Aaah. Wako hapo? Wanasikia?"

"Wote, Bosi!"

"Sasa tulia. Si nilikwambia paa usilitengeneze upesi, watazoea? Ona sasa, hata hujatengeneza na wameshazoea kulalamika. Niachie mimi. Wanamtaka mwenye nyumba? Leo hii hii watamwona."

"Watamwona vipi?"

Simu ikakatika.

"Anasemaje?" waliuliza wote kwa pamoja.

Breki aliirudisha simu mfukoni. "Anasema anakuja. Leo."

Ua mzima ukalipuka kwa shangwe. Fundi redio akamshika mkono, Nesi akamwita jembe. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyeinuka taratibu, akajifuta vipande vya uzi kwenye gauni.

"Vizuri," alisema. "Akija anikute nikiwa bado nipo. Gari la kunihamisha linafika jioni."

Breki akafunga breki.

"Gari? Gari gani?"

"Nimepata chumba kwingine. Nimechoka, Mzee Breki. Nguo za watu zinalowa. Leo kuna gauni la bi harusi mezani kwangu, kesho anakuja kulichukua. Likipata doa moja, nitamwambia nini?"

Akaingia chumbani kwake. Na kana kwamba mbingu nazo zilikuwa kikaoni, mvua ikaanza.

Nisimame hapa kidogo, na wenye haraka mnisamehe. Breki aliinunua nyumba hii kiangazi, saa sita mchana, jua linawaka. Shemeji alimzungusha vyumba vyote, akagonga kuta kwa kidole, akasema, "Sikia ilivyo imara." Breki, ambaye asingenunua hata tairi bila kulizungusha na kulipiga teke, alinunua paa zima kwa kusikiliza ukuta. Wewe unayekusanya vijisenti vyako ununue nyumba ya kupangisha, nakuomba kwa heshima zote: nenda ukaiangalie mvua ikinyesha. Utaloa, lakini utaloa mara moja tu.

Na hati ya nyumba? Hati ipo kabatini kwa shemeji. Eti chumba cha nyuma kina mende. Nawaona mnashika vichwa, na mimi nimeshika changu. Tuendelee.

Mvua ilipochanganya, Breki alichomoka na beseni mkononi, akavuka ua, akaingia chumba cha mbele bila hodi. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya meza, akalivuta gauni jeupe kando, akaweka beseni. Tone la kwanza likaangukia katikati ya beseni.

Gauni lilikuwa kavu. Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni na shuka alilotaka kufunikia, anamtazama.

"Umejuaje linavujia wapi?"

"Si... ulisema."

"Nilisema juu ya kitanda. Hapa mezani ni pengo jipya, mimi mwenyewe ndiyo nalijua leo."

"Nimekisia."

"Mzee Breki, kaa chini."

Akakaa. Alipoambiwa na huyu mama akae, hata kama kungekuwa na moto angekaa.

"Jana ulipanda juu ya paa," alisema Fundi. "Nilikuwa sokoni kununua uzi, nikakuona toka mbali, umeinama unapapasa mabati mithili ya mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Mpangaji gani anapapasa mabati ya nyumba ya watu?"

Breki akafungua mdomo.

"Funga, sijamaliza. Taa ya barazani ikiwashwa saa kumi na mbili kasoro, nani anainuka kuizima? Wewe. Bomba la uani likidondosha maji, nani anashindwa kulala? Wewe. Watoto wa Nesi wakiegemea ukuta, nani anawaambia 'wanangu, ukuta umechoka'? Nimepanga nyumba nyingi maishani mwangu. Mpangaji anazima taa ya chumbani kwake. Anayezunguka akizima taa za wengine ni mmoja tu."

Mvua ilipiga bati. Beseni liliimba ti, ti, ti.

"Tangu lini umejua?" Breki aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu mwezi wa kwanza nilipohamia."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nasubiri useme. Nikajisemea, huyu baba ana moyo mzuri, iko siku atasema. Nikiweka beseni kitandani, nikirudi kutoka sokoni nakuta mtu ameshamwaga maji na kulirudisha. Nani? Wewe. Lakini bati moja la kuziba tundu limekushinda."

"Shemeji alisema—"

"Shemeji, shemeji! Shemeji analala na beseni kitandani?" Kisha akashusha sauti. "Leo nimeipiga ile namba makusudi. Nilitaka ulie mfukoni mbele za watu, labda aibu itakusukuma useme. Wewe ukasema Bosi kakuachia simu. Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja."

Breki alitazama viatu vyake. Mzee mzima, aliyevuka milima usiku na mizigo ya tani nyingi, alikuwa anafungua na kufunga kamba ya kiatu.

"Ulisema siku ya kwanza," alijitetea, "ulipohamia. Ulisema wewe na wenye nyumba hampikiki chungu kimoja. Nikaogopa."

"Ukaogopa nini?"

"Usije ukanichukia. Mimi... Fundi, mimi nakupenda. Ndiyo hivyo. Nimeshasema."

Fundi alitazama kando. Alichukua sindano mezani, akaichoma kwenye kimto cha kuchomekea sindano, akaichomoa, akaichoma tena palepale.

"Hilo nalo nilikuwa nalijua," alisema. "Sasa nisikilize. Mvua ikikatika, utawaita wote uani. Utawaambia kwa mdomo wako mwenyewe kwamba nyumba ni yako na paa ni lako. Ukisema, gari nalirudisha. Ukishindwa, naondoka, na gauni langu, na cherehani yangu, na hilo jibu unalolitaka."

"Nitasema."

"Usiniambie mimi. Kawaambie wao."

Mvua haikuchelewa kukatika. Breki akawaita. Wakatoka wote na kujipanga uani, maji bado yanachuruzika kwenye michirizi. Nje ya geti gari dogo la mizigo lilikuwa limeshafika, dereva wake ameegemea mlango anachokonoa meno.

Breki akasimama mbele yao, akakohoa.

"Ndugu zangu. Kuna jambo nimewaficha."

Hata dereva akaacha kuchokonoa meno.

"Huyu mwenye nyumba mnayemwita Bosi..."

Geti likafunguliwa kwa kishindo. Aliingia shemeji dalali, mwavuli kwapani, meno yote nje. Nyuma yake alifuata pande la mtu lenye suti na fimbo ya kutembelea, tumbo limetangulia, anatazama kuta huku na huku.

"Wapangaji!" shemeji alitangaza. "Mlimtaka mwenye nyumba? Huyu hapa!"

Lile pande la mtu likagonga fimbo chini. "Mimi ndiye mwenye nyumba hii. Nani mwenye shida?"

Nesi alikuwa wa kwanza. "Shikamoo Bosi! Tulidhani wewe ni hadithi!"

"Hapana!" Breki alipiga kelele. "Si yeye! Mwenye nyumba ni mimi!"

Walimtazama. Kisha fundi redio akaanza kucheka, Nesi akafuata, na punde ua mzima ulikuwa unajishika mbavu.

"Mwenyekiti, cheo kimekupanda kichwani!" alisema fundi redio, machozi yanamtoka. "Leo asubuhi umepewa uenyekiti, jioni unataka nyumba?"

"Nawaambieni kweli! Niliinunua kwa kiinua mgongo changu! Shemeji, waambie!"

Shemeji akamkonyeza kwa nguvu zote, jicho likabaki limefumba. "Mzee amepigwa na mvua," alisema. "Mkalisheni."

Breki alimgeukia Fundi. Alikuwa amesimama kibarazani kwake, mkono mmoja kiunoni. Ahadi yake Breki aliitimiza, alisema kwa mdomo wake mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Nje, dereva wa gari akapiga honi kuonyesha kuwa anasubiri.

"Wenye nyumba wawili kwenye nyumba moja," alisema Fundi. "Neema gani hii! Naomba kila mtu abaki pale alipo."

Akanyoosha mkono, akawasha taa ya barazani. Na bado kulikuwa kweupe.

Akaenda bafuni, akawasha. Akapita kwenye ukumbi, akawasha. Kisha akatembea bila haraka mpaka kwenye bomba la uani, akalifungua mpaka mwisho, maji yakaanguka kwenye ndoo kwa nguvu. Akarudi kibarazani, akakunja mikono.

"Unafanya nini, dada?" aliuliza Nesi.

"Nangoja."

Lile pande la mtu lilitazama taa, likatazama bomba, likapiga miayo. Shemeji alikuwa bado anamkonyeza Breki. Ndoo ikajaa. Maji yakaanza kumwagika ukingoni, yakatafuta njia kwenye sakafu, yakaelekea kwenye msingi wa ukuta.

Breki alikaza meno. Akajishika mikono nyuma. Shingo ikamtoka mishipa. Maji yalipougusa ukuta alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa kidole, akaruka, akafunga bomba, akachukua fagio akasukuma maji mbali na msingi, akazima taa ya bafuni, akazima ya ukumbini, akarudi anahema kuzima ya barazani, huku anafoka, "Bili hii mnadhani analipa nani? Nani?"

Kisha akagutuka, mkono bado uko kwenye swichi.

Hakuna aliyecheka. Fundi redio alimtazama Breki, akaitazama taa, akamtazama tena. Usoni mwake ungeweza kuona jioni zote za mwaka mzima zikimpitia, taa zinazimwa moja baada ya nyingine.

"Mama yangu!" alisema taratibu. "Kumbe ni yeye."

"Ni yeye," alisema Fundi.

"Ni mimi," alisema Breki. "Nisameheni. Niliogopa kusumbuliwa, matokeo yake nimewasumbua ninyi. Kesho paa linaanza kutengenezwa, chumba cha mbele kwanza."

"Kwa nini chumba cha mbele kwanza?" Nesi aliuliza, na safari hii wote wakacheka, hata Breki mwenyewe.

Fundi alitoka getini. Walimsikia anaongea na dereva wa gari, wakasikia injini inawaka, gari likaondoka. Aliporudi alikuja kusimama karibu na Breki, karibu kuliko siku yoyote, akamtoa mkono kwenye swichi.

"Nimebaki," alisema.

Mngependa niishie hapo, najua. Mimi pia ningependa. Lakini kuna mtu bado amesimama uani na fimbo, na hajasogea hata hatua moja.

Breki alimwendea kwa furaha, akamnyooshea mkono. "Bwana mkubwa, pole kwa usumbufu. Umeigiza vizuri sana. Shemeji atakupa nauli ya kurudia."

Mtu yule hakuupokea mkono.

"Kuigiza?" alisema. "Mzee, mimi ni mfanyabiashara, sijui kuigiza. Taa umezima, bomba umefunga, kazi nzuri, nitakuajiri uwe mlinzi. Lakini nyumba hii nimeinunua asubuhi ya leo, na hati yake nimekabidhiwa mkononi. Huyu dalali wenu hajawaambia?"

Mguu wa Breki ulikanyaga chini, ukakanyaga tena. Wote wakageuka kumtazama shemeji.

Mwavuli wake ulikuwa umelala kwenye matope, na geti lilikuwa wazi.